Neno la Mfagiaji Lifike kwa Daktari

Tangu Kenya itie saini mkataba wa kupeleka wauguzi Uingereza, Julai 2021, na ule wa wafanyakazi na Ujerumani, Septemba 2024, vijana wengi wa huku kwetu Mau Narok wameielekea kazi ya kulea wazee. Matatu za alfajiri zinazoteremka Njoro na Nakuru hazibebi tena wafanyabiashara wa viazi na karoti peke yao. Wamo pia wasichana na wavulana waliovaa sare za vyuo, wanaojifunza kumwogesha mgonjwa kitandani, kumgeuza, kumlisha na kumpima presha. Wakifunga shule, baadhi yao hupita nyumbani kwangu, kwa kuwa wanajua kazi hiyo niliifanya miaka mingi, hapa nchini na ng'ambo. Huniuliza mshahara, viza na baridi ya Ulaya. Ni nadra waniulize jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko hayo yote: watazungumzaje na wenzao wanaomlea mzee mmoja?

Katika makao ya wazee hakuna mtu mmoja anayeiona hali yote ya mzee. Yupo anayemwogesha, anayempikia, anayefua shuka zake, anayefagia chumba, anayempa dawa na anayelinda lango usiku. Daktari huja siku moja moja. Kila mmoja huona sehemu yake, na aliyeiona asipoisema, au akiisema asisikilizwe, mzee huumia. Mara nyingi huumia bila kelele, kwa sababu wazee wetu wamezoea kujibu kwamba hawajambo hata wakiwa na homa. Maswali ya vijana hawa yamenirudisha nyuma, nikaona heri niandike niliyoyaona.

Masomo yangu ya kwanza niliyapata nyumbani kabla ya chuo chochote. Mau Narok iko juu kwenye safu ya Mau, zaidi ya mita 2,700 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Julai baridi yake hupenya hata mablanketi mawili. Nilipokuwa mtoto, Cucu wetu, yaani bibi yetu, alipatwa na kiharusi, akalala, upande mmoja ukiwa hauna nguvu. Hatukuwa na muuguzi. Tulikuwa na mama, shangazi na sisi watoto. Shangazi ndiye aliyeweka utaratibu: mtu hatoki chumbani kwa Cucu mpaka amwambie anayeingia alichokifanya na alichokiona. Tulisema, "Amekunywa uji nusu kikombe, amekataa nusu. Nimemgeuza, sasa ameangalia ukuta. Jiko nimelitoa nje." Hilo la jiko alilisisitiza kuliko yote, kwa maana makaa yakiachwa yawake ndani ya chumba kilichofungwa, hewa yake huua watu usingizini, na katika baridi ya huku kishawishi cha kulirudisha ni kikubwa.

Nilikuwa mdogo, na niliona ni usumbufu kutoa hesabu ya nusu kikombe cha uji. Lakini jioni shangazi aliyakusanya maneno yetu yote na kujua kama Cucu amekunywa vya kutosha siku hiyo, amelalia ubavu gani kwa muda mrefu, na nani akeshe naye. Nyumbani habari hupita kwa urahisi kwa sababu watu wanaota moto mmoja na kula pamoja. Kwenye makao ya wazee watu hawaoti moto mmoja. Wengine wanaingia saa moja asubuhi wenzao wakitoka, wengine hawaonani kabisa kwa wiki nzima. Kile ambacho familia hukipata bure, makao ni lazima yakitengeneze kwa makusudi.

Makao ya kwanza niliyofanyia kazi yalikuwa katika eneo hili hili la Nakuru. Niliingia kama mhudumu wa kawaida, kabla sijasomea uuguzi. Wengi wa wazee pale walikuwa wametumia nguvu zao zote katika mashamba makubwa ya ngano na pareto, na uzee ulipowakuta hawakuwa na shamba la kurudia wala jamaa wa kuwapokea. Mmoja wao alikuwa amekuwa dereva wa trekta. Alikuwa mpole, hakupenda kusumbua mtu.

Mpishi wetu alikuwa wa kwanza kugundua kwamba sahani ya mzee huyo inarudi jikoni karibu kama ilivyotoka. Aligundua pia kwamba mzee akinywa chai hukohoa. Alimwambia aliyeosha vyombo, naye akakubali kwamba hata yeye ameliona hilo. Mazungumzo yao yaliishia hapo kwenye sinki. Wakati huo huo, daftari la ripoti wodini liliandikwa kila siku kwamba mzee amekula, kwa sababu aliyeandika aliiona sahani ikiingia chumbani, hakuiona ikitoka. Homa ilipompanda na akapelekwa hospitalini, ikaonekana ana nimonia. Kumeza kwake kulikuwa kumedhoofika, na chakula na chai vilikuwa vikipotea njia na kuingia kwenye mapafu. Hali hiyo ni ya kawaida kwa wazee, hasa waliowahi kupata kiharusi. Kinga yake si ya gharama: mzee aketi wima, alishwe polepole, na vinywaji vyake viwe vizito kama uji badala ya kuwa vyepesi kama maji. Lakini ni sharti mtu ajue kwamba anakohoa.

Mzee alipona. Matroni wetu aliitisha mkutano wa watu wote, si wauguzi peke yao, na hapo mpishi akasema kwa mara ya kwanza mbele ya wakubwa kile alichokuwa akikijua. Wahenga walishasema kwamba siri ya mtungi aijuaye kata. Kuanzia wiki hiyo, mtu mmoja wa jikoni alihudhuria kupokezana zamu asubuhi, na daftari likaongezewa mstari wa kuandika kilichobaki kwenye sahani. Mabadiliko hayo hayakugharimu hata shilingi moja. Niliondoka na funzo kwamba ujuzi wa kumwokoa mzee mara nyingi umo ndani ya nyumba tayari, ila umekaa mahali ambapo wenye uamuzi hawapiti.

Kisha ukaja mwaka 2008. Kila mtu wa Nakuru anakumbuka siku za mwisho za Januari mwaka huo, wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi, barabara zikiwa zimefungwa na moshi ukionekana mitaani. Wafanyakazi waliolala mjini hawakuweza kufika. Waliokaa ndani ya ua walifanya zamu juu ya zamu, Mkikuyu na Mkalenjin wakimnyanyua mzee mmoja, huyu akishika mabega na yule akishika miguu. Katika siku hizo ngumu sikuona mtu akimbagua mgonjwa.

Ugumu ulikuja baadaye. Mapatano ya kitaifa yalitiwa saini tarehe 28 Februari, wenzetu wakarudi kazini, lakini walirudi na majeraha. Wengine walikuwa wamechomewa nyumba, wengine wamepoteza ndugu. Wakati wa chai meza zikagawanyika kwa lugha. Zamu zikaanza kupokezanwa kwa minong'ono: anayetoka anamtafuta wa lugha yake miongoni mwa wanaoingia na kumwachia habari yeye peke yake. Hakuna aliyekusudia kumdhuru mzee. Lakini kidonda kilichojulikana na watu wa meza moja hakikujulikana na wa meza nyingine, na dawa iliyobadilishwa mchana ilibaki kitendawili usiku.

Matroni hakuhubiri. Aliweka masharti mawili. La kwanza, ripoti ya zamu itatolewa kwa Kiswahili, kwa sauti, watu wote wakiwa wamesimama pembeni mwa kitanda cha mzee anayezungumziwa. La pili, mzee mwenyewe atazungumzishwa kwa lugha inayomtuliza, iwe Kikuyu, Kikalenjin, Kimaasai au nyingine, na anayeijua ataitwa popote alipo. Mwanzoni watu walisimama wakiwa wamenuniana. Lakini ukisimama kila asubuhi na mtu mkijadili namna ya kumwondolea mzee maumivu ya nyonga, polepole unaanza kumsikiliza. Meza za chai zilichukua muda mrefu zaidi kuungana kuliko ripoti, ila ziliungana.

Sharti la pili liliokoa mtu mbele ya macho yangu. Tulikuwa na ajuza wa Kikalenjin kutoka upande wa Mauche aliyekuwa na ugonjwa wa kusahau. Ugonjwa huo mara nyingi huondoa kwanza lugha iliyojifunzwa ukubwani na kuacha ile ya utotoni, na yeye Kiswahili chake kilikuwa kimeshaondoka chote. Ghafla akawa mkali, halali usiku, anasukuma watu. Muuguzi wa zamu aliamini ugonjwa wake umezidi, na mazungumzo yakaelekea kwenye dawa ya kumtuliza. Mchana mmoja alikuwa ameketi dirishani akilalamika peke yake. Mtunza bustani aliyekuwa akipalilia sukuma nje akasimama, akasikiliza, kisha akaja mlangoni akiwa amevua kofia. "Sista, huyu kogo anasema akikojoa panamchoma."

Mkojo ulipimwa, maambukizi yakaonekana, akapewa dawa. Baada ya siku chache akawa tena yule kogo, yaani bibi, aliyependa kushikwa mkono. Katika mwili wa mzee, maambukizi ya mkojo yanaweza kujionyesha kwanza kwa kuchanganyikiwa badala ya homa, na asiyelijua hilo atayatibu maneno yake badala ya kibofu. Tulibandika ukutani orodha ya wafanyakazi wote na lugha wanazozijua, kuanzia mlinzi hadi msimamizi. Mtunza bustani aliandikwa wa kwanza.

Nilikwenda chuoni, nikarudi kwenye kazi ya wazee nikiwa muuguzi. Mwaka 2017 ulitupima kwa namna nyingine. Mgomo wa madaktari wa hospitali za umma uliodumu siku 100 ulikuwa umekwisha mwezi Machi, na Juni wauguzi wa umma wakaanza mgomo wao, uliokwenda hadi Novemba. Madai yao yalikuwa ya haki, na sisi wa makao binafsi tuliendelea na kazi. Lakini kwa miezi hiyo mlango wa hospitali ambao tungeubisha mzee akizidiwa ulikuwa umefungwa, au ukifunguliwa ndani hakuna wa kutosha. Ilibidi tuyaone mabaya yangali madogo.

Jambo tuliloliogopa zaidi ni vidonda vya kulalia. Mtu asiyeweza kujigeuza akiachwa ubavu mmoja kwa saa nyingi, uzito wake mwenyewe hubana damu isifike kwenye ngozi juu ya mifupa, hasa nyonga, kisigino na mwisho wa uti wa mgongo. Huanza kama wekundu, na kwa ngozi nyeusi wekundu huo ni vigumu kuuona. Ni lazima uguse, utafute joto au ugumu. Kikishafunguka, kidonda kinaweza kuchukua miezi kupona, na kinaweza kuua. Dawa yake kubwa ni kumgeuza mzee kila baada ya saa mbili au karibu na hapo, kumweka mkavu na kumlisha vizuri. Tuliweka karatasi ya saa kwenye kila kitanda: aliyegeuza anaandika upande na jina lake.

Hata hivyo, kidonda kimoja karatasi haikukiona. Aliyekiona ni mama wa dobi. Alikuja na shuka mkononi akatuonyesha doa dogo la majimaji, akasema ni siku ya pili analiona mahali pale pale kwenye shuka za bibi yule yule. Tulimfunua bibi, tukakuta ngozi ya nyonga imeanza kuchubuka chini ya nguo nzito alizovalishwa kwa sababu ya baridi. Kilikuwa bado cha juu juu, kikapona.

Mama yule asingekuja kama angetarajia kugombezwa. Muuguzi mkuu wetu alikuwa na tabia moja ninayoiheshimu mpaka leo: habari mbaya ikimfikia, swali lake la kwanza lilikuwa "Mzee yuko vipi?", na "Ni nani aliyefanya?" lilikuja mwisho au halikuja kabisa. Baadaye nilisoma kwamba mtafiti wa Marekani, Amy Edmondson, alichapisha mwaka 1996 uchunguzi kuhusu makosa ya dawa katika wodi za hospitali. Alitarajia wodi zenye uongozi mzuri na ushirikiano ziwe na makosa machache. Takwimu zilionyesha kinyume, kwamba wodi hizo ndizo zilizoripoti makosa mengi zaidi. Alipochunguza sababu, akaona kwamba huko watu hawakuogopa kusema. Kwa hiyo msimamizi anayejisifu kwamba kwake hakuna malalamiko wala makosa, mimi humwonea wasiwasi. Huenda kwake watu wamenyamaza tu.

Baadaye nilikwenda Marekani, nikafanya kazi katika makao ya wazee huko Massachusetts, karibu na mji wa Lowell ambako Wakenya ni wengi. Katika zamu moja ungeweza kukuta Mkenya, Mghana, Mhaiti na Mkambodia, wote tukimlea mzee wa Kimarekani. Huko nilikuta kwamba mambo tuliyoyagundua kwa kujikwaa yalikuwa yameandikwa kwenye sheria. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1987 inataka kila mzee apimwe hali yake yote na aandikiwe mpango wa huduma, na wahudumu wapewe mafunzo yasiyopungua saa 75. Kanuni mpya za mwaka 2016 zikaongeza kwamba kikundi kinachoandaa mpango huo lazima kimhusishe mhudumu anayemlea mzee huyo. Niliposoma hilo nilimkumbuka mpishi wetu na mtunza bustani.

Sheria, hata hivyo, haizungumzi yenyewe. Wengi wetu tulikuwa na kazi mbili, tukifika tumechoka, na zamu wakati mwingine ilipokezanwa mlangoni, mmoja akivaa koti na mwingine akilivua. Ripoti ikawa neno moja, kwamba mzee yuko sawa. Neno hilo halimsaidii anayeingia. Amekula nini? Amekunywa kiasi gani? Ametembea au amebebwa? Choo je? Amecheka kama jana?

Usiku mmoja mhudumu mwenzetu kutoka Haiti, mama wa makamo, alisema kwamba mzee wake wa kila siku amebadilika. Muuguzi aliyekuwa na dawa za watu wengi mkononi alimwomba angoje. Mama yule hakungoja. Alichukua karatasi iliyotokana na mradi uitwao INTERACT, ulioanzishwa na daktari Joseph Ouslander na wenzake ili kupunguza safari zisizo za lazima za wazee kwenda hospitalini. Karatasi hiyo ni fupi. Mhudumu anatia alama tu: anazungumza kidogo kuliko kawaida, amekula kidogo, amechoka zaidi, uzito umebadilika, na kadhalika. Aliandika chini kwamba viatu vya mzee vimekataa kuingia. Muuguzi alipoisoma alikwenda mwenyewe kumpima, akakuta miguu imevimba na uzito umepanda ghafla. Moyo ulikuwa umeanza kushindwa kusukuma damu, na maji yanajaa mwilini.

Daktari alipigiwa simu usiku huo huo. Muuguzi alisema naye kwa mpangilio wa sehemu nne, ambao asili yake ni nyambizi za jeshi la majini la Marekani kabla ya kuhamia hospitalini: hali ilivyo sasa, historia ya mgonjwa kwa ufupi, tathmini yangu, na ninachoomba ufanye. Simu haikuchukua hata dakika tatu. Dawa ya kupunguza maji iliongezwa, na mzee hakuhitaji kulazwa. Ilianza na viatu, na aliyeviona ni yule aliyepiga magoti kumvalisha.

Mpangilio huo wa sehemu nne unatufaa sana sisi Waafrika Mashariki. Tumelelewa kumheshimu mkubwa, na malezi hayo ni mazuri. Lakini niliona wahudumu wa kwetu wakimwona muuguzi mwenye umri akikosea kitanda, nao wakatazama chini kwa kuona haya kumsahihisha. Heshima haikatazi kweli. Mtu anaweza kusema, "Sista, samahani, naomba nikuonyeshe nilichokiona kabla hujaendelea," na akawa amemheshimu mkubwa na kumlinda mzee kwa wakati mmoja. Mpangilio unaojulikana na wote humpa mdogo ruhusa ya kusema bila kuonekana mjuaji.

Nilikuwa huko ugonjwa wa korona ulipofika mwaka 2020. Katika jimbo hilo hilo la Massachusetts, kwenye makao ya wanajeshi wastaafu ya Holyoke, wodi mbili za wazee wenye ugonjwa wa kusahau ziliunganishwa mwishoni mwa Machi kwa sababu wafanyakazi hawakutosha. Wagonjwa wa korona na wasio nayo wakachanganywa. Zaidi ya wazee 70 walikufa. Ripoti ya uchunguzi huru iliyotolewa Juni mwaka huo iliukosoa vikali uamuzi huo. Wafanyakazi waliokuwa karibu na vitanda waliliona kosa hilo siku ile ile lilipotendeka. Sikusoma habari hiyo kama habari ya mbali. Sote tuliokuwa kazini wiki hizo tulijua uzito wa kuona hatari na kukosa wa kumwambia.

Sasa nimerudi Mau Narok. Hapa wazee wengi hawako kwenye makao na hawatakuwa huko. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakenya wapatao milioni 2.7 wenye umri wa miaka 60 na zaidi, na makao kama Nyumba ya Wazee ya Kasarani, inayoendeshwa na masista wa Little Sisters of the Poor, ni machache mno kwa idadi hiyo. Kifungu cha 57 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mzee haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo kutoka kwa familia yake na kwa serikali. Kwa hiyo makao ya mzee wa Mau Narok ni nyumba yake, na wafanyakazi wake ni mkaza mwana, mjukuu, msichana wa kazi, jirani, na mtoto aliyeko Nairobi anayetuma pesa ya dawa. Tangu Septemba 2023, serikali ilipozindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchi nzima na kuwapa mikoba yenye vipimo vya presha na sukari, kuna pia mtu wa kijijini anayebisha hodi.

Shida ni ile ile niliyoikuta kwenye makao. Jirani yangu mmoja, mzee mwenye kisukari na presha, alikuwa akipewa vidonge vya asubuhi na mkewe, kisha na mjukuu aliyefikiri bibi amesahau. Mtoto wa mjini aliambiwa kwenye simu kwamba baba hajambo. Mhudumu wa afya alipopima sukari, matokeo alimwambia aliyemkuta nyumbani siku hiyo, na siku iliyofuata aliyekuwepo alikuwa mwingine. Watu wote hao walimpenda mzee. Tulichofanya ni kununua daftari la shule, tukalifunga kamba na kulitundika kwenye msumari kando ya kitanda. Kila anayemhudumia huandika tarehe, saa, alichompa na alichokiona. Asiyejua kuandika humwambia mtoto amwandikie. Mzee akienda kituo cha afya, daftari huenda naye, na daktari sasa hulisoma kabla ya kumwuliza swali.

Kwenu vijana mnaosomea kazi hii, jifunzeni kunyanyua, kuogesha na kupima, lakini jifunzeni pia kutoa ripoti kamili na kuipokea mkiwa mmetulia. Mkishika zamu, muulizeni mfagiaji ameona nini. Mkiwa wakubwa, mshukuruni hadharani anayeleta habari mbaya mapema. Wenye makao katika kaunti yetu, wekeni nusu saa ya kupokezana zamu kwenye ratiba na mwilipie kama kazi nyingine, na msiwaache mpishi, dobi na mlinzi nje ya mlango. Vyuo vinavyofundisha ulezi Njoro na Nakuru viweke somo hili kwenye mtihani, kwa sababu mwanafunzi husoma kinachotahiniwa. Na wewe unayemlea mzazi nyumbani, nunua daftari leo, ulitundike mahali kila mtu atalifikia, na uanze kuandika.

Mshahara wa mhudumu ni mdogo kuliko wa daktari, na hilo nalo tulizungumze siku nyingine. Lakini alichokiona mhudumu alipokuwa akimvalisha mzee viatu kina thamani ile ile ya alichokiona daktari kwenye kipimo. Makao yanayolijua hilo, wazee wake wako salama.